Siku tatu za Jenerali

Lanet na Gilgil, penye kambi za jeshi nchini Kenya, mazishi ya mzee aliyestaafu jeshini yana taratibu zake. Kamati hukutana kila jioni, michango hupita kwenye simu, hema hukodishwa, na mwili unaweza kukaa mochari wiki mbili watoto wakisubiriwa kutoka mbali. Jeneza nalo lina mjadala wake: kila shangazi ana maoni.

Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, hakutaka hayo.

Alifariki Alhamisi, Aprili 18, 2024, helikopta aliyopanda ilipoanguka Elgeyo Marakwet, katika ziara ya kuwatembelea wanajeshi na kukagua shule zilizofungwa kwa sababu ya mashambulizi ya wezi wa mifugo. Wanajeshi wengine tisa walifariki, wawili walinusurika. Kufikia Jumapili alikuwa amekwisha kuzikwa kwao Alego, Siaya, bila jeneza, ndani ya saa 72, kama alivyoagiza.

Heshima za kijeshi alipewa, na Rais William Ruto akahudhuria; Ogolla, rubani kwa taaluma, alikuwa ametumikia jeshi tangu 1984. Hata hivyo, aliyeeleza wasia huo hadharani ni mwanawe, Joel Rabuku, si afisa wa jeshi. Hapo ndipo baba anapoonekana zaidi kuliko jenerali: alikuwa amezungumza na watoto wake mapema, wakabaki na neno lake badala ya kukisia.

Gumzo lilifuata, hasa miongoni mwa Waluo, jamii yake, ambao mazishi yao huwa makubwa. Wengine walisifu. Wengine waliuliza nani angethubutu kumzika mzee wake hivyo.