Amana ya Laptopu na Printa ya Nyumbani

Mfanyakazi anachomeka waya wa printa yake kwenye laptopu ya ofisi, na kisanduku kinajitokeza kikidai nywila ya msimamizi wa mfumo. Hana. Kwa watu wa tehama hilo ni suala la usalama tu, ila yeye anajiona amedharauliwa: mtu aliyekabidhiwa orodha ya mishahara ya ofisi nzima anakataliwaje kuchapa kurasa mbili sebuleni kwake? Lalamiko lina uzito. Hata hivyo, naona mtu huaminiwa kwa yale anayoweza kuyatolea hesabu, na printa haimo, kwa sababu ya draiva, programu ya kuiendesha, inayokuja nayo. Kwenye Windows, draiva hupokewa na huduma ya uchapishaji inayofanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa ya kompyuta. Mwaka 2021 udhaifu ulioitwa PrintNightmare ulidhihirisha hatari yake: mwenye akaunti ya kawaida tu aliweza kupachika draiva bandia na kuitwaa mashine nzima. Agosti mwaka huohuo Microsoft ikaamua kwamba kufunga draiva, kwa kawaida, kutahitaji msimamizi.

Orodha ya mishahara mtu huifungua akaiona. Ikivuja kwa mkono wake, anajua. Draiva hufanya mambo yake asikoona, na uadilifu, hata uwe wa walii, haudhamini kisichoonekana. Fikihi ya Kiislamu haimdai fidia aliyewekewa amana ikaharibika bila uzembe wake wala kuvuka mipaka. Kwa mizani hiyo, ofisi inayomwachia mfanyakazi uamuzi asioweza kuupima, kisha ikamlaumu mambo yakiharibika, inamdhulumu kuliko ile inayomnyima nywila.

Wapo watakaosema katazo huzaa ovu kubwa zaidi: mtu hujitumia faili kwa barua pepe yake binafsi, akaenda kulichapa steshenari, likabaki kwenye kompyuta ya dukani. Ni kweli, na lawama kubwa hapo naibebesha ofisi. Inayodai fomu zilizosainiwa kwenye karatasi kutoka kwa mtu iliyemwambia afanyie kazi nyumbani inawajibika kumpa njia. Njia zipo: printa nyingi za siku hizi huchapa bila draiva ya mtengenezaji, na kwa zile za zamani msimamizi anaweza kuidhinisha draiva chache alizozikagua. Mwajiri anayeona hiyo ni kazi kubwa mno kwa idara yake ya tehama na afute sharti la karatasi.