Sauti Imerudi, Je, Mashine Imepona?



Kitu kilichokuwa kibovu tukikisikia kinalia tena, twasema kimepona. Je, ni kweli siku zote? Yafaa tulipime neno hili kwa mfano ambao huenda wengi wetu hatukuutazamia: ufundi wa kutengeneza sauti katika mashine za zamani za michezo, zile zilizosimama kama kabati, zenye kioo cha picha na tundu la kutumbukiza sarafu.

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo uitwao Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Mchezaji huona safu za maadui zikishuka kutoka juu, naye huwapiga risasi. Wakati wote husikia sauti nne nzito zikifuatana kama hatua za miguu. Na kadiri maadui wanavyopungua, ndivyo hatua zile zinavyokwenda mbio. Mashine hiyo ikiwa bubu, picha zote zipo, lakini hofu ya mchezo imeondoka.

Sauti hizo hazikurekodiwa kwenye kanda. Chipu kuu ya mashine ilitoa amri tu: lia sasa, nyamaza sasa. Kazi ya kuumba sauti ilifanywa na vipande vidogo vilivyolehemiwa juu ya bodi, kila kundi na mlio wake. Mlio wa chombo kinachopita juu ya maadui ulitoka katika chipu ya pekee ya Texas Instruments, SN76477, ambayo kampuni hiyo iliacha kuitengeneza zamani.

Sasa miaka zaidi ya 40 imepita. Kapasita nyingine zina majimaji ndani yake, nayo hukauka. Fundi mwema hashiki chuma cha kulehemu kabla hajasikiliza. Sauti zote zikiwa zimepotea, aanza na spika, swichi ya kuongezea sauti na amplifaya. Ikipotea moja tu, tuseme mlio wa risasi, ajua kwamba spika ni nzima, maana sauti nyingine zapita humo humo. Ubovu uko katika kundi lile moja. Na ukisikika mvumo usiokoma, hushuku umeme unaoingia. Hivyo hufuata njia hatua kwa hatua, na kilicho kizima hukiacha.

Kazi hii hula saa nyingi, na vipuri ni adimu. Kumbe ipo njia fupi. Fundi aweza kutega kibao kidogo cha kisasa chenye sauti zilizorekodiwa kutoka mashine nyingine. Amri ya kulia ikija, kibao hulia. Mwenye mashine afurahi, watoto wacheza, fedha yalipwa. Kuna kosa gani?

Hatutaki kumhukumu fundi huyo upesi. Pengine kipuri hakipatikani popote, na mashine yenye sauti ya kuazima ni bora kuliko mashine iliyotupwa. Akimwambia mwenyewe wazi, "Sikuitengeneza sauti yako, nimeiazimia nyingine," hakumdhulumu mtu. Lakini akinyamaza na kupokea malipo ya matengenezo, ameuza jina la kazi asiyoifanya.

Tena liko jambo la pili, nalo ni zito kuliko malipo. Ubovu ungali mle ndani. Ikiwa chanzo chake ni umeme mbaya unaoingia, umeme huo utaendelea kudhuru vipande vingine, na sasa hakuna dalili ya kutuonya. Ule ukimya ulikuwa shahidi. Nasi tumemziba mdomo. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Ndugu zetu, sisi nasi hufanya hivi kwa watu. Mwimbaji wa kwaya aliyezoea kuja kila juma anaacha kuja. Twamweka mwingine mahali pake, wimbo waendelea vizuri, nasi twasema mambo yamekwisha. Nyumbani, mama aliyekuwa akitoa shauri ananyamaza. Watoto waongea zaidi, nyumba yasikika kama ina furaha. Nani aliyekwenda kuuliza ukimya ule ulianzia wapi? Labda ni jambo dogo, kama kapasita moja iliyokauka, ambalo lingetengenezwa jioni moja kwa kusikiliza. Labda ni kubwa, nalo laelekea kuwadhuru wengine.

Kuweka mbadala si dhambi. Mara nyingine hatuna budi. Bali tusiuite mbadala kuwa ni uponyaji. Tukisikia sauti imerudi, tuulize kwanza: ni ya nani? Kwa maana yawezekana wimbo umerudi, na aliyeuimba bado amenyamaza.