MFANYAKAZI MWEMA HUPATIKANA WAPI?



Wenye maduka na mashamba hapa Minova hulalamika: "Vijana hawana uaminifu. Unamwandika leo, kesho yuko Goma."

Tutazame Suratul-Qasas. Binti wa mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.) kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Hakutaja kabila wala ukoo. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini yule mzee naye alitaja malipo na muda kabla ya kazi kuanza: miaka minane, na kama ni kumi, hiyo ni hiari ya Musa. Akaahidi kutomtaabisha.

Je, wewe ulimwambia nini anayekulimia maharage, au anayekubebea magunia mpaka kwenye boti? "Tutaelewana"? Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe kabla jasho lake halijakauka.

Nami nimo katika lawama hii. Aliyechimba msingi wa madrasa yetu nilimwambia "rudi kesho" mara tatu. Mara ya nne alikuja mke wake, mtoto mgongoni, kuomba walau nusu. Nililipa yote. Tulipotaka msingi wa darasa la pili, yule bwana alikataa.

Wabillahi tawfiq.