Mlima Tusiouona

Zaburi ya 121 ni ya mahujaji waliopanda kwenda Yerusalemu wakiitazama milima. Sisi wa Kisangani tukiinua macho tunaona msitu, mawingu na mto. Mji wetu uko mita 400 na kidogo juu ya usawa wa bahari, wala hakuna kilele hata kimoja upeoni.

Hata hivyo tunao mlima. Zamani sana maji ya Ziwa Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zikainuka zikaziba njia, ziwa likajaa hadi likapata mlango kusini, kwa Mto Ruzizi. Ruzizi huingia Ziwa Tanganyika. Tanganyika hutokea Kalemie kwa Mto Lukuga. Lukuga humwagikia Lualaba. Nayo Lualaba hushuka maporomoko saba ya Boyoma hadi kwa Wagenia na vikapu vyao vikubwa vya kutegea samaki. Mengi ya maji hayo huliwa na jua njiani. Lakini hayo machache yanayotufikia, ni mlima ulioyageuza yaje kwetu.

Mmoja wa milima hiyo ya Virunga ni Nyiragongo, wenye mita 3,470. Wazee wa Kivu na Rwanda walioshika imani ya Ryangombe walisema kwamba wafuasi wake wakifa hupumzika mlimani Karisimbi, na wasiomfuata hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Sidharau hofu yao. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena ikiteketeza nyumba. Mwenye zaburi naye hakuutegemea mlima: aliutazama, akauliza msaada utatoka wapi, kisha akamtaja Yule aliyeuumba.

Nasikia watu wakisema kwamba mambo ya Kivu ni ya watu wa Kivu. Neno hilo siwezi kulipokea, hasa katika mji huu. Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana siku sita juu ya vichwa vyetu, tulitamani sana mtu wa mbali atukumbuke. Leo ndugu wa Goma wamepigwa na moto na vita pia.

Sadaka ya pili ya Jumapili hii ni yao. Na mwenye chumba cha kulaza familia iliyokimbia, aje tuonane baada ya misa.