Kumwombea Usiyempigia Kura

Je, Mkristo anaweza kumwombea kwa moyo mweupe kiongozi ambaye hakumpigia kura, na ambaye pengine anaamini kuwa anaiharibu nchi? Wakati wa utulivu swali hili halimsumbui mtu. Lakini uchaguzi ukikaribia, au damu ikiisha kumwagika, jina moja tu likitajwa katika maombi hutosha kuligawa kanisa: hawa huitikia amina kwa kishindo, na wale hunyamaza kimya.

Yako mambo mawili ambayo sisi Wakenya huyaita maombi, nami nayatilia shaka. La kwanza ni sifa. Mheshimiwa ameketi kiti cha mbele, bahasha ya harambee iko mfukoni, na mwombaji anamweleza Mungu jinsi mheshimiwa alivyo mkarimu. Hapo anayezungumziwa sikioni si Mungu. La pili ni laana. Mtu hufungua Zaburi ya 109, ambamo mwenye kuonewa analilia siku za adui yake ziwe chache, akaielekeza kwa kiongozi asiyempenda. Kilio cha aliyeonewa Mungu hukisikia. Lakini anayekigeuza kuwa rungu la siasa amekwisha kutoa hukumu mwenyewe, na sasa anamtaka Mungu awe askari wake.

Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, anaagiza waumini wawaombee wafalme na wote wenye mamlaka. Tukumbuke wafalme hao walikuwa watu wa namna gani. Mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba Paulo mwenyewe aliuawa Roma katika utawala wa Nero. Basi agizo hili halikutolewa kwa watu waliofurahishwa na serikali yao. Tena, katika dola ambayo watu waliwafukizia makaisari uvumba kana kwamba ni miungu, kumwombea Kaisari kulikuwa ni kusema kwamba naye ni mtu tu, anahitaji rehema na atatoa hesabu. Ombi la kweli humshusha kiongozi kutoka katika kiti cha uungu. Hapo hapo humzuia mpinzani wake asimfanye shetani.

Katika eneo letu sijui mfano ulio wazi kuliko ule wa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Mapema Februari 1977 askari walivamia nyumba yake usiku wakitafuta silaha. Imesimuliwa kwamba aliwaambia nyumba ile ni ya Mungu, na kwamba humo humwombea Rais na majeshi yake. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua, wakilalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Aliyepiga magoti kumwombea Amin ndiye aliyetia sahihi barua ya kumkemea, wala sioni kwamba alijipinga. Ukimtakia mtu wokovu, huwezi kunyamaza akiangamiza watu na nafsi yake pamoja.

Rafiki yake, Askofu Festo Kivengere, alikimbilia uhamishoni, na mwaka huo huo akatoa kitabu kilichotangaza tangu jina lake kwamba anampenda Idi Amin. Hakumwita mwema. Alichokuwa ameona ni kwamba chuki ilikuwa ikimla yeye mwenyewe, ilhali Amin haimpati.

Hapa Kenya nasi tulipata somo letu, na lilikuwa chungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliojificha kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humo humo. Mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Naamini kanisa lililozoea kuwaombea wagombea wote kwa majina, sala moja kwa wote, lingepata shida kuegemea hivyo. Ndiyo maana napenda kipimo hiki: ombi langu kwa kiongozi liwe lile ambalo ningeweza kulisema mbele yake na mbele ya mpinzani wake, bila kubadili neno. Apewe hekima, asikie kilio cha maskini, atubu alipokosa, awe na ujasiri wa kuachia madaraka muda wake ukiisha.

Iko hoja moja ambayo sina jibu jepesi kwake. Mama ambaye mwanawe alipigwa risasi katika maandamano ya Juni 2024, naye aambiwe amwombee Rais? Mimi siwezi kumwambia hivyo. Msamaha unaodaiwa kwa nguvu ni jeraha la pili. Lakini kanisa ni mwili mmoja, na asichoweza kiungo kimoja hubebwa na vingine. Sisi tusiofiwa ndio tumwombee mwenye mamlaka, tuombe na haki itendeke. Na katika sala hiyo jina la mwana wa yule mama litajwe kwanza, kabla ya jina la Rais.