Mshahara wa Ng'ambo na Nyuso Mbili



Ndugu zetu kadhaa waliomaliza shahada hapa Uganda wanafanya kazi kwa kampuni za Marekani bila kuondoka Kampala. Wanaandika programu, wanajibu wateja, wanahariri video, na mwisho wa mwezi dola zinaingia benki. Baada ya swala ya Ijumaa, mmoja wao aliuliza swali ambalo wengi wanalo moyoni: "Mwajiri wangu hayuko hapa. Hakuna anayenikata kodi, wala anayejua ninalipwa kiasi gani. Nikinyamaza, nina dhambi?"

Tuanze na sheria. Aliyekaa Uganda siku 183 au zaidi ndani ya miezi 12 ni mkazi, na mkazi hutozwa kodi kwa mapato yake yote, ya ndani na ya nje. Tena, kazi iliyofanyiwa Kampala huhesabiwa kuwa pato la Uganda, hata kama mlipaji yuko Chicago. Mwalimu hukatwa kodi kabla hajauona mshahara wake. Wewe usiye na mwajiri wa kukukata unatakiwa ujitangaze mwenyewe. Tofauti yenu ni kwamba wewe umeachiwa amana mkononi.

Sasa tuitazame ile fomu ya W-8BEN, ambayo kampuni nyingi za Marekani humpa mfanyakazi aliye nje. Ndani yake anatia sahihi kwamba yeye si mtu wa Marekani. Kwa kuwa kazi nayo inafanyika nje, Marekani haimkati. Kule amesema, "Mimi si wa kwenu, niko kwetu." Akirudi kwa serikali ya kwao anasema, "Pesa hii ni ya Marekani, haiwahusu." Mtume (s.a.w.) alituonya juu ya mtu mwenye nyuso mbili, anayewaendea hawa kwa uso huu na wale kwa uso mwingine.

Wapo wanaosema kwamba kodi si zaka, na kwamba ushuru wa dhuluma umekemewa. Ni kweli, na kodi haimwondolei mtu zaka. Akiba yako ikifika nisabu ya gramu 85 za dhahabu na ikapitiwa na mwaka, asilimia 2.5 ni haki ya wanaostahiki. Lakini wanazuoni hawakufunga mlango wa kodi. Al-Ghazali na al-Shatibi walikubali mtawala awatoze wenye uwezo pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ni ya kweli.

Hoja nzito zaidi ni hii: "Pesa yenyewe inaliwa." Wizi wa mali ya umma upo, na kuukemea ni wajibu wetu. Ila tujiulize, ukikwepa, nani anaumia? Ibn Taymiyya alilizungumzia hata tozo la dhuluma waliloangushiwa watu kwa pamoja. Alisema nao wanapaswa kufanyiana uadilifu, asijitoe mmoja ili fungu lake liwaelemee wenzake. Mtazame mama anayekukaangia rolex asubuhi. Akitoa pesa kwenye simu, hukatwa asilimia 0.5. Akinunua bidhaa inayotozwa VAT, bei ina asilimia 18 ndani yake. Wewe nawe unalipa hizo, ndiyo, lakini yeye hana pa kujificha, na mwizi hapungukiwi chochote kwa kukwepa kwako. Pengo lako analibeba huyo mama, kwa tozo jipya au kwa zahanati isiyo na dawa. Suratul Mutaffifin inawakemea wanaotaka kipimo kamili wanapopokea na kupunja wanapotoa. Barabara tunaipokea kwa kipimo kamili, na wengine wetu tulisomeshwa kwa ufadhili wa serikali.

Haya hayamaanishi kwamba ulipe zaidi ya unachodaiwa. Ikiwa nchi nyingine imekwisha kutoza pato lilelile, sheria ya Uganda ina njia ya kukuondolea mzigo wa kulipa mara mbili, na kuna mikataba ya jambo hilo na nchi kama Uingereza, India na Afrika Kusini. Kutumia nafuu iliyowekwa na sheria ni haki yako. Kuficha ni jambo jingine. Kama hujui hesabu, muulize mhasibu kabla mwaka wa kodi haujaisha tarehe 30 Juni, na uwasilishe taarifa yako kabla Desemba haijaisha.

Mimi si mufti, na mwenye shaka awaulize masheikh. Lakini katika swali la ndugu yetu, neno lililonikaa ni "hakuna anayejua". Katika Ramadhani wewe hukaa chumbani peke yako mchana, mlango umefungwa, chupa ya maji iko mezani na koo limekauka. Hapo pia hakuna anayejua, na hunywi.

Wallahu a'lam.