Jipu Chini ya Kicheko
Watoto wanasukumana uani, mmoja anaanza kulia, na mama anapaza sauti kutoka jikoni: “Mzaha mzaha hutumbuka usaha!” Wanaelewa kuwa waache kabla hawajaumizana, na mara nyingi maana ya methali hii huishia hapo. Naona tunaipunja.

Tazama usaha wenyewe. Hauji kwa siku moja. Jipu huanza kama kipele, likavimba, likaiva chini ya ngozi huku mwenye nalo akitembea na kusalimiana na watu. Likitumbuka, aliyeligusa hushangaa: mbona nimegusa kidogo tu? Wapo wanaosema hutunga badala ya hutumbuka, na kauli zote mbili zina haki yake, kwani mzaha ndio unaotunga usaha na mzaha ndio unaokuja kuutumbua. Ndiyo maana neno limerudiwa. Mzaha mmoja hupita ukasahaulika. Mzaha mzaha, kama vile kidogo kidogo au pole pole, ni ule unaorudi kesho na keshokutwa, mahali palepale.

Nilisoma na mvulana mwenye kigugumizi. Tulimpa jina la Pikipiki, kwa kuwa sauti yake ilikuwa kama injini inayokataa kuwaka. Akiambiwa asome kwa sauti, alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili, midomo ikaanza kulitafuta neno la kwanza. Hapo darasa zima lilipiga kiki chini ya madawati. Mwalimu aligeukia ubao, lakini mabega yake tuliyaona yakitikisika. Pikipiki mwenyewe alicheka pia, na kicheko chake ndicho kilichotutoa wasiwasi. Tuliamini amefurahi. Angefanya nini kingine? Anayechekwa asipocheka huambiwa hana utani, akaongezewa kosa juu ya aibu.

Na hapo utani husingiziwa. Utani wetu Tanzania ni jambo lenye sheria zake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882. Leo wajukuu wao ni watani. Mtani huja msibani akaiga mwendo wa marehemu, akavaa nguo zake, hata akaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Mgeni angedhani ni ukatili. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe na kubeba maji, na siku msiba ukihamia kwake, wafiwa wa leo watakwenda kumfanyia yaleyale. Dhihaka inakwenda na kurudi.

Kurudi huko, zaidi ya maneno yenyewe, ndiko kunakotenga utani na ukatili. Babu humwita mjukuu wake mke, naye mjukuu akamjibu kuwa hataki mume kibogoyo. Nyumba nzima inacheka, babu akiwa wa kwanza. Neno hilohilo likitoka kwa bosi kwenda kwa mlinzi wa getini, ambaye hawezi kujibu kwa kuogopea mshahara wake, ni kofi. Kiswahili kinajua tofauti hii. Kutaniana kunataka watu wawili. Kejeli, kebehi na kumchezea mtu shere vinataka mmoja tu, na watazamaji.

Siku moja, katika kipindi cha hesabu, Pikipiki alichukua bikari akamchoma mwenzetu mkononi. Kilichotangulia kilikuwa kidogo mno: yule mwenzetu alikanyaga sakafu mara moja, kwa kiatu kimoja, wala hapakuwa na aliyecheka. Damu ikadondokea daftari. Aliyechomwa alilia akisema, “Si tulikuwa tunataniana tu?”

Nimelifikiria neno lile miaka mingi. Tunataniana. Kwa miaka mitatu mvulana yule hakuwahi kutuambia hata neno moja la utani. Asingeweza, maana kabla hajalimaliza tungekuwa tumeshapiga kiki.

Alichapwa viboko mstarini, shule nzima ikitazama. Sisi tulirudi darasani tukakaa, miguu imetulia, na nafasi yake kwenye dawati ilibaki wazi mpaka mwisho wa muhula.